Bonde la Msimbazi: Mazingira na Haki Katika Mpango Mmoja

Ndugu wanataaluma wa mipangomiji, mabibi na mabwana,

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Wataalamu wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba bonde lake halifai kwa makazi, nami sina ubishi nao. Ninachokataa ni desturi ya kumtaka maskini peke yake aulipie ukweli huo.

Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini Dar es Salaam. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, na kwa nia yake hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini mama aliyekuwa akinunua samaki soko la Feri alfajiri na kuwauza Kariakoo, akitembea kwa miguu, angeishije mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi inameza faida yote ya siku? Baadhi yao walirudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama nyekundu za X kwenye kuta za nyumba za kubomolewa, na baada yake matingatinga. Wakati huohuo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilikuwa imejengwa palepale Jangwani, ikawa inafurika mara kwa mara mvua kubwa zinaponyesha. Mkazi aliyebomolewa nyumba kwa sababu ya hatari ya mafuriko ana haki ya kuuliza ni kipimo gani kilichotumika.

Naomba tutazame kwa karibu suala la vyoo. Mabondeni maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo mashimo hujaa upesi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia vichochoroni. Mvua kubwa inapoanza, wapo wanaotapisha vyoo: shimo hutobolewa ubavuni, na mafuriko yakabeba kinyesi kupitia nyumba za jirani na bustani za mchicha unaoliwa jiji zima, hadi baharini. Huo ni uchafuzi, tena wa hatari, lakini faini haitaukomesha mahali ambapo familia haina njia nyingine ya kumwaga choo chake. Ukipeleka pale huduma ndogo ya uondoaji majitaka inayopita kichochoroni kwa bei ambayo mpangaji anaimudu, umemtendea haki mkazi na umeuponya mto kwa fedha ileile.

Maarifa ya kupanga hivyo tunayo. Tangu 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walipita mfereji kwa mfereji wakichora ramani za maeneo yanayofurika, na wenyeji ndio walioonyesha ukutani maji yalifika wapi. Mtu anayeaminiwa kutoa takwimu anastahili pia kuwapo pale takwimu hizo zinapoamua nani ahame.

Hapo ndipo ninapowasihi tusimame kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu wengi wa wakazi hawa ni wapangaji. Kwa kawaida fidia humfuata mwenye nyumba. Aliyepanga chumba kimoja hana jengo la kuthaminiwa, na mara nyingi jina lake halimo kwenye daftari la mthamini. Atatafuta chumba kingine cha bei ileile, na vyumba vya bei hiyo viko kwenye bonde linalofuata. Tathmini ya mradi wowote wa kurudisha uoto wa asili mtoni ianze kwa kuwaorodhesha wapangaji, na bajeti yake iwe na nyumba za kupanga za bei nafuu ndani ya umbali wa kutembea hadi Kariakoo, kabla mti wa kwanza haujapandwa.