Mizani ya Makaa ya Mawe na Migomo Iliyoizunguka

Ndugu zangu, migomo ya wachimbaji makaa ya mawe husimuliwa kwa risasi na maandamano. Leo naomba tuanze kwenye mizani, maana ugomvi mwingi ulianzia hapo.

Uingereza, mchimbaji wa usoni mwa tabaka la makaa alilipwa kwa tani. Alilala ubavu, akachonga chini ya tabaka kwa sururu, akaliangusha, akapakia kigari na kukitundika kibati chenye namba yake. Kule juu karani wa tajiri mwenye mgodi alipima. Akikuta mawe alikata uzito, na pengine kigari kizima hakikulipwa, huku mwenye jasho lake yuko chini hasikii lolote. Sheria ya 1860 iliwaruhusu wachimbaji kuweka mpimaji wao, ila lazima awe mwajiriwa wa mgodi huohuo. Tajiri akamfukuza kazi, mambo yakaisha.

Halafu kuna kazi ambayo mizani haiioni kabisa: kusimamisha nguzo za dari, kutoa maji, kuondoa mawe. Hii ndiyo iliyowasha moto kwenye mgodi wa Ely Pit, Wales, 1910. Wachimbaji 70 hivi walijaribishwa kwenye tabaka jipya. Kampuni ikadai wanazembea makusudi. Wao wakasema mawe yamezidi. Kampuni ilitaka kulipa shilingi 1 na peni 9 kwa tani, wao wakataka shilingi 2 na peni 6. Septemba kampuni ikawafungia nje wafanyakazi wote wa mgodi, hata wasiohusika na tabaka lile. Novemba ghasia zikazuka mji jirani wa Tonypandy. Walirudi kazini 1911 bila bei waliyoidai, lakini mgomo wa nchi nzima wa 1912 ulizaa sheria ya kima cha chini cha mshahara migodini. Naamini madai yao yalikuwa ya haki tangu siku ya kwanza.

Enugu, Nijeria, ni 1949, karibu miaka mitatu baada ya mgomo mkuu wa hapa Mombasa wa Januari 1947. Wachimbaji walidai malimbikizo ya malipo, wakaingia mgomo baridi. Serikali ya kikoloni iliogopa baruti zilizokuwa mgodini, ikatuma polisi kuzihamisha. Tarehe 18 Novemba, kwenye mgodi wa Iva Valley, polisi wakafyatua risasi, wakaua watu 21. Tume ya uchunguzi iliilaumu serikali kwa kuuchukulia mgogoro wa kazi kama wa kisiasa.

Kwa hiyo makaa ya Bonde la Mui, Kitui, yakianza kuchimbwa, vijana wetu waulize kabla ya kutia sahihi: nani anapima, mawe yanakatwa kwa kiasi gani, na saa za kuondoa kifusi zinalipwaje?