Uzito wa Programu

Hamjambo wote. Shikamooni wazee wangu mliokaa pale mbele, na asanteni kwa kunileta Tanga.

Simu mnayoiona hapa mezani ni yangu. Nimeinunua Kariakoo, mtumba. Ina ramu ya gigabaiti 1 na nafasi ya gigabaiti 8, na zaidi ya nusu ya nafasi hiyo imeshaliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka hata picha moja. Iacheni hapo hapo, tutairudia.

Nianze na habari ya sayansi iliyonikaa moyoni kuliko nyingine zote za miaka hii. Tarehe 14 Novemba 2023, chombo cha anga Voyager 1 kilianza kutuma vitu visivyosomeka. Chombo hiki kilirushwa Septemba 1977, kikapita sayari ya Mshtarii mwaka 1979, kikapita Zohali mwaka 1980, na tangu Agosti 2012 kiko nje ya eneo ambalo upepo wa jua unafika. Redio yake ilikuwa nzima. Mawimbi yalifika duniani vizuri kabisa, ila ndani yake hamna kitu: mpangilio ule ule wa moja na sifuri, unajirudia, unajirudia. Ni kama ndugu anayekupigia kila jioni, leo amepiga, umepokea, unasikia pumzi tu.

Sasa, aliye mbali hivyo unamtengeneza vipi? Kilikuwa umbali wa kilomita bilioni 24. Amri inasafiri kwa kasi ya mwanga na bado inachukua saa 22 na nusu kufika, kisha jibu nalo saa 22 na nusu kurudi. Ukituma Jumatatu saa 2 asubuhi, unajua kama umepatia au umekosea Jumatano saa 11 alfajiri. Wale mnaobonyeza kitufe cha kuendesha programu mara mia kwa siku mpaka ikubali, hebu lifikirieni hilo.

Kompyuta za chombo hiki ziko za aina tatu, kila moja na pacha wake, na kumbukumbu zao zote ukizijumlisha hazifiki kilobaiti 70. Picha moja ya harusi mliyotumiwa WhatsApp inazidi hapo. Iliyougua ni ile inayofungasha data kabla ya kuikabidhi redio. Ina vyumba vya kumbukumbu 8,192, kila chumba kina biti 16, yaani moja na sifuri 16. Basi, ndio nyumba nzima hiyo. Programu yake iliandikwa kwa asembli, lugha ambayo mwandishi mwenyewe ndiye anayeamua kila neno lilale chumba kipi.

Tarehe 1 Machi 2024, wahandisi wa JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, kule Pasadena, California, walituma amri ya kuisukuma ile kompyuta ijaribu njia nyingine, iruke sehemu waliyoishuku. Tarehe 3 Machi likaja jibu ambalo halikufanana na yale ya miezi yote iliyotangulia. Bado halikuwa katika mpangilio unaosomeka, lakini mhandisi mmoja wa mtandao wa antena kubwa zinazoongea na vyombo vya angani akalifumbua, na tarehe 10 wakathibitisha walichokishika: kumbukumbu yote ya kompyuta ile, chumba kwa chumba. Walikuwa na nakala ya zamani, ya kabla ya ugonjwa. Wakaziweka mbili hizo pamoja wakazilinganisha. Asilimia 3 ilikuwa imeharibika, yaani vyumba kama 250, na kisa ni chipu moja. Labda ilipigwa na chembe ya mionzi huko angani, labda ilichoka tu baada ya miaka 46.

Chipu huwezi kwenda kuibadilisha. Kilichobaki ni kuuhamisha ule msimbo, yaani maagizo ya programu, uliokuwa ukikaa humo. Na hapa naomba mnisikilize, maana magazeti mengi yalikomea kwenye umbali wakaiacha kazi yenyewe. Hapakuwa na nafasi moja popote ya kuutosha msimbo wote uliopoteza makazi. Ni kama nyumba ya kupanga, chumba kimoja paa limeanguka, na hakuna chumba kingine cha kuichukua familia nzima. Unafanyaje? Wawili wanalala kwa jirani, mmoja kwa mama mwenye nyumba, mtoto anawekwa koridoni. Halafu kila aliyezoea kuwafuata kwenye chumba kile lazima aambiwe: fulani siku hizi yuko kule. Ukimsahau mmoja tu asipewe habari, ataingia kwenye chumba kibovu. Wale wahandisi waliukata msimbo vipande, wakavichomeka kwenye mianya, wakarekebisha kila mahali palipokuwa pakiita anwani ya zamani. Tarehe 18 Aprili wakatuma. Tarehe 20 chombo kikajibu kwa lugha inayoeleweka, kikaeleza hali yake. Kufikia Juni, vifaa vyake vinne vya sayansi vilivyokuwa bado vinatumika vilikuwa vimerudi kazini.

Niliposoma habari ile nilinyamaza muda mrefu. Kilichonigusa ni kwamba walikuwa wanajua kila kitu kinakaa wapi. Baada ya miaka 46, huku wengi wa walioiandika wameshastaafu na wengine wameshatangulia mbele ya haki, nyumba ile bado ilikuwa na daftari la wapangaji.

Kuna jambo dogo nje ya mada, lakini mimi linaniuma. Ubavuni mwa Voyager kuna sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55 kwa yeyote atakayeiokota. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Najifariji kwa kitu kimoja: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na ikaitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku Kenya inaadhimisha uhuru wake. Neno letu lilitangulia huko juu.

Turudi kwenye nyumba ya kupanga. Ubanaji ule haukuwa wa wanasayansi peke yao. Wale mliopitia vibanda vya gemu miaka ya tisini mnamkumbuka Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1985, na gemu nzima, hatua zake zote, muziki wake wote, ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Siku ukiiona tena, tazama wingu lililo juu, halafu tazama kichaka kilicho chini. Ni mchoro uleule. Juu umepakwa nyeupe, chini umepakwa kijani. Mimi nimecheza gemu ile mpaka vidole vikaota sugu na sikuwahi kuliona hilo; nililijua nikiwa mtu mzima, na nikaipenda gemu upya. Kabla ya hapo, mwaka 1984, vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa gemu ya Elite yenye galaksi 8, kila moja na nyota 256. Kompyuta yao haikuwa na mahali pa kuzihifadhi zote. Wakahifadhi namba chache za mbegu, na kila nyota, jina lake na bei za sokoni kwake, ikawa inaoteshwa upya kwa hesabu kila mchezaji anapoihitaji.

Gemu kubwa za leo zinapita gigabaiti 100. Hiyo ni Mario mara milioni 2 na nusu. Sehemu kubwa ya uzito huo ni picha na sauti za hali ya juu, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini programu ya kuandikia noti, ya kuwasha tochi, ya kuangalia salio, nayo imebeba nini?

Niklaus Wirth, Mswisi aliyetuachia lugha ya Pascal ambayo rika langu tulijifunzia, alilisema hili mwaka 1995: programu zinapungua kasi upesi kuliko mashine zinavyoongeza kasi. Alifariki tarehe 1 Januari 2024, Voyager ikiwa bado bubu. Nilikuwa na miaka mingi ya kumsikiliza, nami sikumsikiliza. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ya madeni ya duka, kwa kampuni niliyokuwa nafanyia kazi. Mwenye duka anaandika nani kachukua nini, shilingi ngapi, lini. Tukaizindua, tukapiga picha, tukapongezana. Baada ya mwezi nikaenda Buguruni kumtembelea mama mmoja aliyekuwa kati ya wateja wetu wa mwanzo. Nikamkuta kaunta buku liko wazi, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari. Nikamuuliza, mama, ile programu vipi? Akanionyesha simu yake, ndugu kabisa wa hii iliyo mezani. Akasema, "Mwanangu, iliniambia imejaa. Ikabidi nichague, kufuta yenu au kufuta picha za marehemu mume wangu."

Sikuwa na jibu. Nikanunua soda, nikainywa pale pale, nikaondoka.

Usiku ule nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza. Jina la mteja na alichochukua, kwa kifupi, tuseme baiti 20. Kiasi, baiti 4. Tarehe, baiti 4. Jumla 28. Yule mama anakopesha kama mara 200 kwa mwezi, mara 2,400 kwa mwaka. Zidisheni: baiti 67,200. Madeni yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kumbukumbu za Voyager. Programu yangu ilikuwa megabaiti 64. Nikaifungua nione mna nini. Maktaba nzima, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, ya kuchora grafu, kwa ajili ya grafu moja ambayo hakuna aliyeifungua. Maktaba ya kufanya vitufe vidunde ukivigusa. Kingine cha kufuatilia mtumiaji amebonyeza wapi. Familia tatu za fonti. Picha ya ukurasa wa kuingilia, mara tano, kwa vipimo vitano. Na kila sasisho, lote hilo linapakuliwa upya kwa bando la mama wa Buguruni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimemtwisha, halafu nikaita hiyo kazi nzuri.

Ilinichukua wiki sita kuishusha hadi megabaiti 2. Sehemu kubwa ya wiki hizo sikuandika kitu. Nilikuwa nasoma, nauliza kila kipande, wewe unafanya nini humu? Vingine sikuweza kuvijibia, ingawa niliviweka kwa mkono wangu.

Hilo ndilo linalonitia hofu kuhusu akili mnemba. Mimi naitumia, na inanisaidia kweli. Ila naona vijana wanapokea kwake mistari 500 ya msimbo, inaendeshwa, inakubali, wanasonga mbele. Ukimuuliza kipande hiki kikiharibika nini kitafuata, hajui, kwa kuwa hajakisoma. Wale wa Pasadena walikuwa na asilimia 3 tu mbovu na iliwachukua miezi kadhaa, huku daftari la wapangaji wanalo. Wewe ukiharibikiwa na asilimia 3 ya kitu usichokijua, utaanzia chumba gani? Soma. Hata kama hukukiandika wewe, kisome mpaka uweze kumweleza mwenzio bila kuangalia skrini.

Nilimrudia yule mama na ile ya megabaiti 2. Kabla hata sijakaa aliniuliza, "Hii inakula ngapi?" Nikamwambia. Akaiweka yeye mwenyewe, mimi nimesimama nje ya kaunta, nikamtazama anaandika deni la kwanza: sukari, kilo moja. Halafu akaliandika tena kwenye kaunta buku, chini ya lile la jana. Nikaona ana haki.

Basi, muda uliobaki ni wenu. Nimeambiwa kila mmoja hapa ana programu aliyoiandika muhula huu. Simu hii imebakiwa na megabaiti 210, ina salio, na bando nimenunua la siku moja tu. Nataka tuziweke humu moja baada ya nyingine, tuone inajaa kwenye ya ngapi, na mwenye programu asimame atuambie ndani yake mna nini. Nani anaanza?