Mikataba ya Ulaya na vita vya Ras Kasone

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, karibuni, msogee mbele, viti vipo.

Leo tuzungumzie Vita vya Kwanza vya Dunia, tukianzia hapa hapa Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya bandari yetu zimepakia askari wapatao 8,000 kutoka India. Wakashukia Ras Kasone. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani hapa, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na baadhi waliletwa kwa treni kutoka Moshi. Tarehe 5 Waingereza walikwisha kurudi melini, silaha wamezitupa nyuma. Habari ya nyuki waliowavamia askari vitani mnaijua, siirudii.

Sasa nauliza: kijana wa Kashmir na askari wa Kinyamwezi waligombania nini kwenye minazi ya Tanga?

Shuleni tuliambiwa chanzo cha vita ni miungano ya kijeshi. Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia waliungana 1882. Ufaransa na Urusi 1894. Mmoja akiguswa, wote wanaingia. Jibu hilo mimi halinitoshi. Italia ilitia saini, lakini vita vilipoanza ikasema mkataba ni wa kujihami, na Austria ndiyo iliyoshambulia. Ikakaa pembeni, kisha Mei 1915 ikaingia upande wa pili! Uingereza nayo haikuwa na mkataba wa kuilazimisha kuipigania Ufaransa. Maelewano yao ya 1904 yalihusu zaidi makoloni, Misri na Moroko. Uliotajwa kama sababu ya kuingia vitani ni mkataba wa 1839 wa kulinda Ubelgiji, na hata hapo mawaziri wa London walivutana.

Kwa maoni yangu, kilichosukuma vita zaidi ni maneno ya faragha. Julai 5, 1914, wiki moja baada ya mrithi wa kiti cha Austria kuuawa Sarajevo, Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, alimhakikishia balozi wa Austria kwamba Ujerumani itasimama nao hata Urusi ikiingia. Mtoto mwenye kaka mkubwa uwanjani hatukani kwa sauti ya chini. Austria ikaipelekea Serbia masharti makali, na Julai 28 ikatangaza vita.

Na makoloni? Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu maeneo haya yasiingizwe vitani. Schnee, gavana wa Kijerumani wa koloni hili, alitamani iwe hivyo, Lettow-Vorbeck akakataa, London nayo haikutaka. Sahihi za Ujerumani na Uingereza zilikuwa kwenye mkataba huo, zote mbili.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.