Si Kila Gamba la Ngozi ni Fangasi: Mhadhara kwa Wafugaji wa Igunga

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliotoka machungani, karibuni.

Mvua zikianza, miombo yetu hutoa uyoga. Ule tunaouchuma ni sehemu ya kuzalia tu ya fangasi. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotandaa ardhini. Fangasi si mmea. Hajipikii chakula kwa jua. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, chakula kikayeyuka, ndipo akifyonze.

Ndugu yake anayekaa kwenye ngozi anaishi vivyo hivyo, ila chakula chake ni keratini, iliyomo kwenye nywele, pembe, kwato na tabaka la juu la ngozi lililokwisha kufa. Kwa ng'ombe, anayeonekana zaidi ni Trichophyton verrucosum. Kwa paka na mbwa, Microsporum canis. Kwa kawaida hashuki kwenye nyama hai. Ndiyo maana ndama mwenye mashilingi, yaani mabaka ya mviringo ya fangasi huyu, kuzunguka macho na shingoni bado ananyonya vizuri, na wengi hupona wenyewe ndani ya miezi 2 hadi 4. Lakini vijimbegu vyake hubaki kwenye nguzo za zizi kwa miaka, vikingoja ndama wa msimu mwingine. Na watoto wetu wanaoshika ndama hao huambukizwa pia. Nawasihi sana: anayemhudumia ndama avae glavu, anawe kwa sabuni, na magamba yachomwe moto.

Sasa jambo linaloniuma. Ng'ombe akitoka magamba mgongoni wakati wa masika, wengi tunasema fangasi, tunampaka oili chafu ya gari. Oili ile inaunguza ngozi, na ng'ombe anailamba. Tena, mara nyingi ugonjwa huo si fangasi hata kidogo. Ni bakteria, Dermatophilus congolensis, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915 huko Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hujenga nyuzi zenye matawi kama fangasi, kwa hiyo hata wataalamu wa zamani walichanganyikiwa. Mvua hulainisha ngozi, kupe huijeruhi, naye hupenya. Nywele hugandamana vishungi vishungi, na ukiving'oa chini unakuta unyevu na wekundu. Huyu hutibiwa kwa antibiotiki atakazoandika daktari wa mifugo, pamoja na josho la kupe. Antibiotiki hizo kwa mashilingi ni fedha iliyotupwa.

Kuna mama ameuliza atajuaje kwa uhakika. Mama, ng'oa nywele na magamba pembeni mwa kidonda, siyo katikati, kwa sababu fangasi aliye hai yuko ukingoni. Weka kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa plastiki. Unyevu utaotesha vimelea vingine. Mpe afisa mifugo wa kata aifikishe Tabora mjini, kwenye maabara ya veterinari. Na kabla hawajakujibu, usimpake ng'ombe chochote.