Deni la Vitunguu Mahakamani

Mabibi na mabwana, tuanzie soko la Kongowea, Mombasa. Mama mwenye kibanda amemkopesha mwenye mkahawa vitunguu miezi mitatu, deni limefika shilingi 140,000. Zamani gharama za wakili na miaka ya kungoja zingelimeza lote. Sheria ya Kenya ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 imembadilishia hesabu. Kiwango cha juu cha dai kilikuwa shilingi 200,000. Marekebisho ya 2020 yakakipandisha hadi 1,000,000. Kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60, hukumu itoke siku 3 baada ya kusikizwa, naye anaweza kujieleza mwenyewe, kwa Kiswahili.

Asikosee mlango tu. Mshahara, shamba na kuharibiwa jina havisikizwi huko. Talaka na mirathi ya Waislamu ni kwa kadhi. Deni la bidhaa ni la huko hasa, mradi halijapitisha miaka 6.

Kesi nyingi huharibikia kwenye jina. Mama anashtaki kilichoandikwa kwenye ubao wa mkahawa, kumbe jina la biashara si mtu, na hukumu inakosa wa kumshika. Afanye upekuzi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, amtaje mwenyewe kwa jina lake, "anayefanya biashara kwa jina la" mkahawa. Ikiwa ni kampuni, atoe CR12, hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

Ushahidi ni daftari: tarehe, kilo, bei, na sahihi ya aliyepokea kila gunia. Aongeze taarifa ya M-Pesa. Mdaiwa akiwa aliwahi kutuma hata 5,000 za kupunguza, mstari huo mmoja una uzito mkubwa, maana hakuna anayepunguza deni asilolijua. Mahakama hii haifungwi na kanuni kali za ushahidi, lakini daftari lisilo na sahihi linabaki neno la huyu dhidi ya yule.

Kumfikishia mdaiwa hati za kesi ndiko kunakochosha. Tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu WhatsApp, kwa nambari ya mwisho inayojulikana kuwa anaitumia. Hifadhi picha ya ujumbe ikionyesha nambari, saa na alama za kufika, kisha uiambatanishe na hati ya kiapo. Ukipuuza hili, utapewa hukumu upesi, mdaiwa aje aombe ifutwe kwa kuwa hakuarifiwa, na mrudi mwanzo.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, iko baada ya ushindi. Sheria imehesabu siku za hukumu, haikuhesabu siku za kulipwa. Mama anaondoka na karatasi, kisha dalali wa mahakama, anayekamata mali ya mdaiwa ili deni lilipwe, anataka chake kabla hajatoka ofisini. Napendekeza kanuni zimtake mwamuzi amhoji mdaiwa siku ile ile ya hukumu: ana akaunti gani, till (nambari ya kupokelea malipo ya simu) ya nani inapokea pesa za mkahawa, kwa siku huingia ngapi. Kwa 20,000 kila mwisho wa mwezi, 140,000 ni miezi 7. Tarehe hizo 7 ziandikwe ndani ya hukumu yenyewe.