Diski za Kaka Zimechongwa Mara Mbili

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Leo hamlioni lile koti langu la theluji. Niko Tabata, uwanjani kwa mama, nimetandika kanga yake kuukuu chini ya pikapu ya kaka, na hili jasho ni la kweli. Kule Ohio, Marekani, breki nabadilisha mwenyewe, maana fundi anakuhesabia kwa saa, na saa yake moja inameza nusu ya zamu yangu. Hapa nimesema tu kwamba hii kazi naifanya mimi, vijana wa mtaa wote wamekuja na vigoda vyao kutazama.

Mkasa wenyewe huu. Kaka anafuata nyanya Ilula, kule Iringa. Akirudi gari limeshiba, na lazima ashuke mlima Kitonga. Tangu mwaka jana akikanyaga breki usukani unatetemeka mpaka saa inamcheza mkononi. Akaambiwa alaimenti, kunyoosha magurudumu, akalipa. Akaambiwa balansi, kusawazisha uzito wa magurudumu, akalipa. Gereji ya tatu wakasema diski za breki za mbele, vile vyuma vya duara vinavyozunguka na gurudumu, zimepinda, wakazichonga, yaani wakaziparuza uso kwa mashine. Gari likatulia miezi miwili, ugonjwa ukarudi. Wakachonga tena.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona haya maandishi hapa katikati ya diski? Nimesugua kwa msasa ndiyo yakasomeka: MIN TH 23 mm. Unene ukifika milimita 23 hiyo diski umri wake umeisha, hata ing'ae kama sahani ya harusi. Sasa naweka venia, kipimo cha unene. Napima ndani, pale pedi, kile kibao kinachobana diski, inapopita. Pembeni kabisa kuna ukingo ambao pedi haiugusi, ukipima pale utajidanganya mwenyewe. Haya, someni. 21.6. Upande wa pili 21.9. Huyu mtu ameshuka Kitonga na vyuma hivi, na shehena ya nyanya mgongoni.

Kaka anacheka hapo pembeni. Mimi sicheki, kaka.

Breki inachofanya ni kugeuza mwendo kuwa joto. Pedi inabana, diski inapokea lile joto, halafu inalipumua kupitia hivi vinjia vilivyo katikati ya nyuso zake mbili. Chuma kikiwa chembamba kinachemka haraka. Sasa dereva ashuke mlima mrefu mguu uko kwenye breki badala ya kuweka gia nzito, pedi inachemka na kuacha utando kwenye diski, hapa mwingi, pale kidogo. Nyuso zikitofautiana kwa sehemu ndogo tu za milimita, tayari usukani unalalamika. Ndiyo maana mara nyingi diski tunayosema imepinda haijapinda, ila unene wake haulingani. Kuchonga kunatibu hilo kama nyama bado ipo. Sina ugomvi na kuchonga, nina ugomvi na mtu anayechonga bila kupima.

Gari liko juu ya stendi. Siyo juu ya matofali, wewe kijana, nimekusikia. Kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, nimeifungua na kuifunga juu kwa waya, isije ikaning'inia kwenye mpira wa breki. Mpaka hapo nilikuwa najiona bingwa, maana kule kwetu theluji ikianguka wanamwaga chumvi barabarani, na diski nyingi zinakufa kwa kutu kabla hazijaisha. Kutu naijua. Lakini hii ya Tabata imenigomea. Nimegonga nyundo mpaka mama katoka jikoni kuuliza kama tunabomoa nyumba.

Kumbe mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, amekaa tu pale na kahawa yake na kashata. Kaja taratibu, kachokonoa uso wa diski kwa msumari, ukamwagika uchafu, yakatokea matundu mawili yenye njia za bolti. Hizi alama za diski nilizipiga picha dakika tano nyuma, na matundu sikuyaona! Kaniletea bolti mbili za milimita nane. Ukizikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, zinasukuma habu, kile kitovu ambacho diski imekalia, na diski inajivua yenyewe. Tuk! Shikamoo tena, mzee wangu.

Hii habu nimeisugua kwa brashi ya waya mpaka ikawa nyeupe. Gamba moja la kutu likibaki hapa, diski mpya inakaa upande, mtetemo unarudi, halafu unaenda kugombana na muuza spea bure. Diski mpya nayo inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, lazima yafutwe pande zote mbili. Pedi mpya, magurudumu yote mawili. Pistoni ya kalipa narudisha ndani polepole huku naangalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, yakimwagikia rangi ya gari yanaila.

Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, nilikwenda na diski ya zamani kwenye mfuko, na mlinganisho tulifanya mezani. Duka la kwanza walinipa ya boksi zuri, eti jenuini, haina hata alama ya unene na mkononi ni nyepesi kuliko hii iliyoisha. Nikairudisha mezani, nikavuka barabara.

Nati nimekaza kwa kukatisha, kama nyota. Kabla ya kusogeza gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu, la sivyo utaupeleka ukuta wa jirani. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunavuka daraja kwenda Kigamboni kabla ya foleni: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15, kama mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, pedi na diski zizoeane.

Mnasikia? Vyuma chakavu huyo anapita na mkokoteni. Kaka, usimpe zote! Moja mama keshaichukua, anakandamizia mfuniko wa tenki la maji.