Patasi Iliyokwenda Upande: Kuliweka Sawa Jiwe la Maji

MWALIMU: Karibuni tena karakanani, wasikilizaji wetu. Fundi, leo nimekuja na mashtaka. Patasi yangu hii ya milimita 25 niliinoa mwenyewe kwenye mashine ya jiwe la maji, nikaibana kwenye jigi yake, yaani kishikizo cha kuiongoza patasi, kama inavyotakiwa, lakini nilipoiwekea skwea, kipimo cha pembe mraba, nilikuta upande wa kushoto umeliwa karibu nusu milimita zaidi ya ule wa kulia.

FUNDI: Pole, Mwalimu. Nusu milimita kwenye upana huo ni zaidi kidogo ya digrii 1, na ukiigonga patasi kama hiyo kwenye tundu la fremu ya mninga, utaiona inavutwa upande kila pigo. Kabla hatujaihukumu jigi, naomba uniambie jiwe ulilisawazisha lini.

MWALIMU: Tangu mashine ilipotoka kwenye boksi sijaligusa.

FUNDI: Basi mshtakiwa tumempata. Jigi haijui pembe mraba ni kitu gani; kazi yake ni kuufuata ufito wa chuma unaoiegemeza, kwa hiyo ufito na uso wa jiwe visipokwenda sambamba, kila chombo utakachobana kitatoka na kosa lilelile, hata ukibane kwa uangalifu wa namna gani. Chukua mfano wa Tormek T-8, mashine ya Uswidi ambayo wengi wameiiga: jiwe lake lina kipenyo cha milimita 250 na upana wa milimita 50, na kifaa chake cha kusawazishia, chenye ncha ya almasi, huvalishwa kwenye ufito wenyewe. Almasi ikipitishwa polepole kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kina kidogo kidogo, jiwe huchongwa likaufuata ufito.

MWALIMU: Wanafunzi wangu huona uchungu kulichonga jiwe la bei kubwa namna hiyo.

FUNDI: Wanachokiondoa ni vumbi, ilhali jiwe lililopinda hula chuma cha patasi, nacho hakirudi. Ila ufito ukishauhamishia upande mwingine wa mashine, usiamini tu kwamba mambo yako vilevile. Ushushe mpaka ubaki nafasi ya unene wa karatasi juu ya jiwe, kisha uchungulie mwanga unaopita katikati yake. Mwanga ukiwa mwembamba huku na mpana kule, umeshajua haviko sambamba.

MWALIMU: Hilo nimelifanya jana baada ya kulisawazisha jiwe, na mwanga ulikuwa sawa. Hata hivyo patasi yangu nyingine bado ilikwenda upande.

FUNDI: Nipe niione. Tazama mbavu zake, Mwalimu: hapa karibu na mpini ni pana, na kwenye makali ni nyembamba. Jigi za zamani huegemeza ubavu mmoja tu wa patasi, kwa hiyo ubavu ukiwa na mteremko, patasi nzima hukaa kimshazari. Ndiyo maana jigi ya Tormek iitwayo SE-77 iliwekewa marekebisho madogo ya kuirudisha katikati. Patasi ya namna hii ipime kwa skwea mara mbili, kwanza kutoka ubavu wa kushoto, halafu kutoka wa kulia. Ukiona uwazi unaolingana pande zote mbili, makali yamenyooka kwa mstari wa katikati, na hicho ndicho unachokitaka.

MWALIMU: Kumbe nilikuwa nainoa upya bure! Nilipima upande mmoja nikakata tamaa.

FUNDI: Sasa ipake wino wa kalamu nyeusi kwenye mteremko wa makali, ibane, na usiwashe umeme. Zungusha jiwe kwa mkono, nusu mzunguko tu, kisha uitoe. Unaona nini?

MWALIMU: Wino umefutika kona ya kulia peke yake, kama ukucha mdogo. Kwingine kote bado ni mweusi.

FUNDI: Rekebisha jigi kwa kiasi cha nywele, paka wino tena, rudia mpaka ufutike mstari mzima kutoka kona hadi kona. Hapo ndipo unapowasha. Jiwe lile huzunguka mara 90 tu kwa dakika, na maji hupoza chuma, kwa hiyo una muda wa kuegemeza kidole upande unaobaki nyuma bila hofu ya chuma kugeuka bluu kama kwenye grenda kavu. Patasi za milimita 6 ziguse kwa wepesi zaidi, kwa sababu hizo hupinda kwa uzito wa kidole kimoja.

MWALIMU: Na ulimi wa randa je? Mimi huwadai wanafunzi uwe mraba kabisa.

FUNDI: Hapo, Mwalimu, naona unawaonea. Randa za chuma zilizo nyingi zina kijiti cha kuuelekeza ulimi kushoto au kulia, kwa hiyo kosa dogo humalizwa hapo. Chuma ulichotaka kukipoteza kutafuta mraba kitakutumikia miezi mingine.

MWALIMU: Nitawapunguzia, lakini kidogo tu. Nisaidie kulitoa beseni la maji kabla hatujafunga, maana jiwe halipaswi kulala majini, nami jana nililisahau.